Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Tupe ruhusa ya maandishi ya kumwita daktari bingwa

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopitisha kwa wakuu wangu hazikujibiwa. Iliyonifikia wiki hii ni ya kunitaka nijieleze. Kosa langu, kama lilivyoandikwa, ni "kuvuka mamlaka ya kada".

Naomba nieleze nilichovuka. Mama mmoja alikuwa amejifungua salama, lakini pedi niliyombadilisha ililowa tena kabla sijamaliza kujaza chati yake. Presha ilisoma vizuri. Mapigo ya moyo yalikuwa yakipanda kila nilipopima, na nilipombonyeza tumbo, mji wa mimba ulikuwa laini, haujajikaza. Mkunga yeyote anajua maana yake: mama anavuja damu, na mwili wa kijana huishikilia presha hadi damu nyingi iwe imeshapotea. Nilimwita daktari wa zamu. Akatazama presha, akaniambia mbele ya mgonjwa na ndugu zake, "Sista, fanya kazi yako, niachie yangu." Nikaendelea kuukanda mji wa mimba, nikamwita tena. Hakuja. Ndipo nikampigia bingwa mwenyewe. Mama aliingizwa thieta, yuko hai, ananyonyesha. Ninayejieleza ni mimi.

Siandiki kumchongea daktari yule. Alikuwa amekesha, na nadhani aliogopa kumwamsha bingwa kwa jambo ambalo pengine lingeonekana dogo. Daktari mdogo anamwogopa bingwa, muuguzi anamwogopa daktari, mhudumu wa wodi anatuogopa sisi tunaomfokea, na mgonjwa anatuogopa wote. Pengine inaanzia vyuoni, ambako mwanafunzi wa udaktari na wa uuguzi husoma mbalimbali, wakaja kukutana mbele ya kitanda, mmoja akiwa ameshazoeshwa kuamuru na mwingine kuitikia. Pengine ni kwa sababu wengi wetu ni wanawake, na jamii haijazoea mwanamke aliyevaa sare amwambie daktari "hapana".

Haya si ya kwetu peke yetu. Uingereza, mwaka 2005, mama mmoja aliyelala kwa upasuaji wa kawaida alizibwa na njia ya hewa. Muuguzi alileta vifaa vya kutoboa koo. Madaktari waliendelea kuhangaika kupitisha mpira wa kupumulia mdomoni, na mama yule hakupona. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya upasuaji salama, inayomtaka kila aliyemo thieta ajitambulishe kwa jina na kazi yake kabla ngozi haijakatwa. Ilijaribiwa katika hospitali 8, ya Ifakara, Tanzania, ikiwemo, na vifo vya waliopasuliwa vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo kwetu imebandikwa ukutani. Mara nyingi nimeiona ikisainiwa mgonjwa akiwa ameshashonwa.

Mheshimiwa, Siku ya Wauguzi Duniani ulisimama jukwaani ukasema muuguzi ndiye jicho la kwanza la mgonjwa, na ukaahidi mwongozo wa kutulinda tunapotoa taarifa. Tulipiga makofi. Mwongozo haujaja. Mimi naenda zamu na barua ile mkobani. Silali vizuri, na wenzangu wameanza kuniambia, "Mama, nyamaza, ulinde ajira yako." Kauli hiyo inanitisha kuliko adhabu yoyote, kwa kuwa najua wao pia watanyamaza usiku fulani, na usiku huo atakuwepo mama mwingine anayevuja damu.

Nilikuwa na mengi ya kuomba: idadi ya wauguzi, posho, mafunzo ya pamoja. Yote nayaweka kando. Naomba kanuni moja, iandikwe na isainiwe nawe: yeyote mwenye wasiwasi kuhusu mgonjwa, awe muuguzi, mhudumu au ndugu wa mgonjwa, aruhusiwe kumwita mkubwa wa zamu au timu nyingine saa yoyote bila kuadhibiwa. Uingereza walianza kuitekeleza mwaka 2024, wakaiita Kanuni ya Martha, jina la binti wa miaka 13 aliyefariki mwaka 2021 baada ya wasiwasi wa wazazi wake kupuuzwa. Usisubiri tupate jina la mtoto wetu la kuiita.

Mimi niadhibiwe kama sheria inataka hivyo. Lakini kanuni itoke, Mheshimiwa. Itoke kabla ya jukwaa la mwaka huu.

Wako mtiifu,
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi