Mliuliza, Mkajibiwa kwa Adabu

Wanangu wauguzi mnaofanya utafiti,

Juzi niliketi ukumbini nikiwasikiliza mkiwasilisha matokeo yenu kuhusu watu waliomaliza matibabu ya saratani. Majedwali yalipangika, hesabu zilinyooka, na mwisho mkatangaza kwamba ubora wa maisha yao ni wa kuridhisha. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilikuwa nimeshika chupa ya maji ya mama aliyeketi kando yangu. Aliniomba nimfungulie kizibo. Vidole vyake vina ganzi tangu alipotibiwa kwa paklitakseli, dawa ya saratani inayoweza kuumiza neva, huu mwaka wa pili, na vifungo vya blauzi hufungwa na binti yake.

Naye alikuwa mmoja wa mliowahoji.

Nikamnong'oneza: uliwajibu nini? Akasema alijipa 8 kwa 10. Nilipomkazia macho akacheka kidogo. "Dada, aliyeniuliza ndiye aliyekuwa akinitundikia dripu. Alinihangaikia mno yule binti. Ningeanzia wapi kulalamika?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipowaka, na bado haijapoa. Mtu mliyemuuguza anajiona ana deni kwenu. Mkimfuata na dodoso mkiwa na sare ileile, kwenye kliniki ileile, atawalipa kwa maneno mazuri, nanyi mtayapeleka kwenye kompyuta mkiyaita data. Mpeni mtu mwingine amhoji. Au mwacheni ajaze mwenyewe, faraghani. Na hayo maswali! "Je, ganzi inakusumbua kwa kiasi gani?" Kiasi gani cha nini? Muulizeni kama anafunga vifungo, kama anaokota sarafu sakafuni, kama kandambili humvuka njiani asijue. Aliyejipa 8 atawasimulia hayo bila soni, kwa kuwa hajioni kama analalamika.

Msidhani nawatwisha jambo dogo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ulioongozwa na daktari Ethan Basch, wenye wagonjwa 766 wa saratani iliyokwisha kusambaa. Kundi moja liliripoti dalili zake lenyewe kwa kompyuta, na dalili ilipozidi, taarifa ilimfikia muuguzi. Kundi hilo liliishi kwa wastani wa kati wa miezi 31 hivi, na lililohudumiwa kwa kawaida miezi 26. Hakukuwa na dawa mpya pale. Mgonjwa alisema, muuguzi akasikia, akachukua hatua.

Uchovu nao mliuweka kwenye mstari mmoja tu wa jedwali. Zamani tulimwambia kila mgonjwa apumzike, na nakiri nilisema hivyo kwa miaka mingi. Kisha mwaka 1989 Mary MacVicar, Maryl Winningham na mwenzao wakachapisha utafiti wa wanawake wenye saratani ya matiti waliokuwa kwenye tibakemikali, wakiendesha baiskeli ya mazoezi. Nguvu za miili yao ziliongezeka. Swali la kama mazoezi yangewafaa wagonjwa hao lilitoka kwenye uuguzi.

Mengine sitayarefusha: kinywa kinachokauka baada ya mionzi ya kichwa na shingo, mkono unaovimba baada ya kuondolewa tezi za kwapani, tendo la ndoa, ambalo mliliruka, hofu ya ugonjwa kurudi, inayopanda kila tarehe ya kipimo inapokaribia, fedha.

Nasi wengine tusijitoe. Tunampongeza mtu siku ya dozi ya mwisho, tunapiga naye picha, kisha tunamtaka awe yule wa zamani kabla nywele hazijaota. Mwajiri anasema si umepona? Ndugu nao wanasema hivyohivyo. Hata hospitali hurefusha miadi na kumwachia mlango. Mwaka 2005 ripoti ya Taasisi ya Tiba ya Marekani iliwaeleza watu hawa kuwa wamepotea njiani, kati ya kuwa mgonjwa na kuwa manusura. Mtu akipotea hivyo, muuguzi ndiye angepaswa kwanza kugundua kwamba hayupo.

Kazi yenu si mbovu, wanangu. Nalijua jasho lake. Ila hilo dodoso liandikeni upya, na safari hii wahusika wenyewe wawepo mezani tangu swali la kwanza. Yule mama nimeshamuuliza, yuko tayari. Anaomba tu mumtafutie kalamu nene. Hizi nyembamba humponyoka.