Kabla Hujanunua Betri Mpya, Pima Kwanza

Gari lisipowaka asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Linabustiwa kwa gari la jirani, linapelekwa dukani, betri mpya inafungwa, na baada ya wiki mbili hali ni ile ile. Mara nyingi betri haikuwa na kosa. Alteneta (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) haikuwa inachaji, au kuna kitu kinakula umeme usiku gari likiwa limezimwa, au kibanio cha waya kimelegea tu. Mita ya umeme ya kawaida, ile ya kushika mkononi, inatosha kuyatenganisha haya. Tunaeleza hapa namna tunavyopima ili hata ukiwa kwa fundi mwingine ujue cha kumuuliza.

Kabla ya mita, sikiliza. Ukiwasha ukasikia ka-ka-ka-ka ya harakaharaka na taa za dashibodi zikafifia, umeme ni mdogo: ama betri imeisha, ama vibanio vina kutu. Ukisikia "ka!" moja nzito na taa kubwa zikabaki na mwanga wake wote, betri inafanya kazi na lawama zinahamia kwa stata, ile mota inayozungusha injini iwake. Taa zote zikizimika ghafla pale unapogeuza ufunguo, kisha zikarudi baada ya muda, shika vibanio vya betri uvizungushe kwa mkono. Kinachozunguka kimelegea. Ule unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa vya betri hauongozi umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, osha kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi kidogo, kausha, sugua mpaka risasi ing'ae, rudisha ukianza na chanya, kaza, kisha paka mafuta ya mgando juu yake. Angalia magadi yasiingie ndani ya betri yenye vifuniko.

Sasa pima betri ikiwa imepumzika. Gari liwe limelala usiku kucha, au angalau saa kadhaa, injini ikiwa imezimwa. Weka mita kwenye volti za DC (mkondo mnyoofu, umeme wa betri), gusa vichwa vyenyewe vya betri, si vibanio. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu robo. Ikisoma kama 10.5 hata baada ya kuchajiwa vizuri, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, kwa kuwa kila chumba hutoa takriban volti 2.1. Hiyo haina dawa, badilisha.

Lakini 12.6 peke yake haithibitishi kwamba betri ni nzima. Betri iliyochoka huweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imekaa, halafu ikaporomoka stata inapovuta. Kwa hiyo mwambie mtu awashe gari wewe ukiangalia mita. Stata inapozungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka, chaji betri mpaka ijae kisha rudia kipimo. Zikishuka tena, betri imekwisha au stata inavuta umeme kupita kiasi. Na kama volti zimebaki juu ya 11 huku stata ikizunguka kwa uvivu, umeme upo ila haufiki. Hapo weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, gari liwashwe tena. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.5, waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari na injini) umeoza kwa ndani au umeshikwa juu ya kutu. Huo ni waya wa bei ndogo sana ukilinganisha na stata inayong'olewa bure kwa sababu yake.

Upande wa chanya unapimwa vivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri hadi skrubu nene ya stata.

Gari likishawaka, geukia alteneta. Rudisha mita kwenye vichwa vya betri. Injini ikizunguka taratibu, usomaji unatakiwa uwe kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa, AC, feni na kifuta ukungu cha kioo cha nyuma, kisha kanyaga mafuta kidogo mpaka mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Volti zikibaki juu ya 13.5, alteneta inabeba mzigo wake. Zikiwa chini ya 13 na zinaendelea kushuka, gari linaishi kwa umeme wa betri na litakuzimikia njiani. Zikipita 15, regyuleta, inayodhibiti volti za alteneta, imeharibika: betri inachemka, maji yanaisha haraka, taa zinaungua mara kwa mara, na utasikia harufu ya yai bovu. Gari la hivyo usiahirishe kulitengeneza hadi wiki ijayo, maana hapo betri mpya nayo itapikwa.

Baadhi ya magari ya Japani ya miaka ya karibuni, hasa Honda nyingi na Mazda zenye mfumo wa kuzima injini kwenye foleni, kompyuta ndiyo inayoamua lini alteneta ichaji. Unaweza kukuta volti 12.5 huku injini inaunguruma na hakuna ubovu wowote. Washa taa kubwa. Volti zikipanda hadi 14, mfumo uko sawa. Tumeshapokea alteneta nzima zilizohukumiwa kwa kukosa kujua hilo.

Alteneta ikiwa haichaji, usiing'oe bado. Tazama mkanda kwanza: ukipiga kelele asubuhi yenye mvua au ukiwa na mng'ao kama kioo upande wa ndani, unateleza. Kisha weka ufunguo kwenye ON bila kuwasha. Taa nyekundu ya betri lazima iwake. Isipowaka, balbu yake, fyuzi au waya mwembamba unaoiamsha alteneta umekatika, na alteneta nyingi bila waya huo hazianzi kuchaji. Kwenye Toyota kagua pia fyuzi ndogo iliyoandikwa ALT-S na ile kubwa iliyoandikwa ALT. Hayo yote yakiwa sawa ndipo tunafungua. Mara nyingi tunakuta kaboni, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimelika. Kwenye alteneta nyingi za Toyota zikibaki chini ya milimita 1.5 zinabadilishwa, na alteneta inarudi kazini bila kununua nyingine ya mtumba. Dayodi mbovu (vipande vinavyogeuza umeme wa alteneta uwe wa DC) nazo zinajulikana kabla ya kufungua: weka mita kwenye volti za AC (mkondo geu, si kiyoyozi), injini ikiwa inazunguka, pima kwenye betri. Zaidi ya volti 0.5 ni dalili ya dayodi iliyokufa. Dayodi hiyo hiyo huweza kuvujisha umeme wa betri usiku kucha.

Tunaomba jambo moja kwa msisitizo. Usimruhusu mtu yeyote achomoe kibanio cha betri injini ikiwa inafanya kazi ili "kuona kama alteneta inachaji." Kipimo hicho kilitumika kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ukiiondoa ghafla, volti zinaruka kwa sehemu ndogo ya sekunde na zinaweza kufika makumi kadhaa, hata kupita mia. Kompyuta ya injini, ya gia, redio na regyuleta yenyewe vinaweza kuungua papo hapo, na gari litaendelea kunguruma kana kwamba limefaulu mtihani. Mita inakupa jibu lile lile bila kuhatarisha chochote.

Kuna gari ambalo vipimo vyote viko sawa na bado betri inalala likiegeshwa siku mbili. Huo ni umeme unaovuja. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango, na kama unahitaji boneti wazi basi bonyeza kufuli yake ili gari lidhani imefungwa. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, fungua kibanio cha hasi, weka mita katikati ya kibanio na kichwa cha betri. Usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Subiri nusu saa kompyuta zilale. Kiwango cha kawaida hakizidi ampea 0.05. Ukisoma ampea 0.5, betri ya 45 Ah (ampea-saa, kipimo cha ukubwa wa betri) inapoteza 12 Ah kwa siku, yaani zaidi ya nusu ndani ya siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Fyuzi iliyoishusha inakuonyesha njia. Anza na vilivyoongezwa baadaye: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya dashibodi, amplifaya. Mara nyingi waya wao umeungwa moja kwa moja kwenye betri badala ya kupitia swichi.

Na betri iliyoisha kabisa haijazwi kwa kuzunguka mtaani nusu saa baada ya kubustiwa. Ichajiwe polepole kwa ampea kama moja ya kumi ya ukubwa wake: ya 45 Ah kwa ampea 4.5, saa 10 hadi 12. Kama ina vifuniko, ongeza maji ya betri tu, yafunike sahani hadi mstari wa juu. Maji ya bomba au ya kunywa yana madini yanayoiua, na asidi haiongezwi kamwe.

Ukileta gari kwetu, tuambie betri ina umri gani, iliwekwa chaja lini, na kuna kifaa gani kilifungwa hivi karibuni. Betri iliyotoka kwenye chaja asubuhi ile ile huonyesha volti za juu zisizo za kweli, hivyo tutawasha taa kubwa dakika mbili, tuzizime, tusubiri kidogo, ndipo tuandike namba ya kwanza kwenye karatasi yako.