Barua kwa mwanangu: yule hakuwa shangazi yako

Mwanangu Ambwene,

Ugonile baba. Huku Tukuyu mvua haijakatika wiki nzima, nguo hazikauki, ila wazima. Nimeona nikuandikie kwa kirefu sababu kwenye simu nikimtaja tu shangazi yako unabadilisha stori, na sikulaumu, yale maneno aliyokutamkia mbele ya watu kwenye msiba wa bibi hata mi yaliniuma.

Sasa nisikilize. Shangazi yako alikuwa na uvimbe kichwani. Daktari alinionyesha kwenye picha ya MRI, umekaa mbele hapa nyuma ya paji la uso upande wa kulia, duara jeupe kama yai la kuku. Sehemu hiyo ya mbele ya ubongo ndo inamfanya mtu ajizuie, asiropoke, apange mambo yake, sasa ikikandamizwa mtu anabadilika tabia polepole na mwenyewe hana habari. We si unakumbuka alivyokuwa, anauza ndizi pale Mwanjelwa bila daftari na haipotei hata mia, alafu akaanza kusahau madeni, kulala mchana, kugombana na wateja wa miaka yote. Tukasema kiburi cha hela. Wengine wakasema karogwa na wenzake wa sokoni, na mimi baba yako nilikubali nikatoa hela ya mganga, sikufichi hilo na linaniuma mpaka leo, maana ule mda wote uvimbe ulikuwa unakua.

Na dalili zilikuwepo. Kichwa kinamuuma alfajiri akiamka kuliko jioni, mara anatapika hata hajala kitu, kwenye zahanati anapewa dawa za taifodi anarudi nyumbani. Kumbe ukilala presha ya ndani ya kichwa inapanda, ndo maana asubuhi inakuwa mbaya. Sio kila kichwa kinachouma ni uvimbe, wengi sana hawana, ila kikiwa cha aina hiyo na kinazidi kila wiki, mtu asikae nyumbani.

Tulishtuka siku alipodondoka jikoni mkono wa kushoto unatetemeka. Upande wa kulia wa ubongo ndo unaendesha mkono wa kushoto. Mtu ana miaka 52 hajawahi kuanguka kifafa, hapo tukakimbilia Mbeya mjini Hospitali ya Rufaa, na daktari akasema mtu mzima akianza kifafa ukubwani lazima kichwa kipigwe picha.

Swali lake la kwanza likanishangaza, aliuliza kama kwetu tunafuga nguruwe. Nikaja kuelewa kwamba kuna mnyoo wa tegu, mayai yake yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye huo mnyoo, yakikuingia kwa maji au mboga chafu yanaanguliwa na lava zake zinaweza kwenda kukaa kwenye ubongo, zinaleta kifafa hichohicho na kwenye picha zinaweza kufanana na uvimbe. Nyama ya nguruwe isiyoiva yenyewe inakupa mnyoo wa tumboni, ndo unaanza mzunguko. Huku nyanda za juu kusini nguruwe ni wengi na wanazurura, choo wengine hawana, kwa hiyo we baba kitimoto unayokula huko chuo hakikisha imeiva mpaka ndani.

Wa shangazi haukuwa mnyoo. Ni meninjioma, inaota kwenye zile ngozi laini zinazofunika ubongo, sio kwenye ubongo wenyewe. Inawapata zaidi wanawake, inakua taratibu miaka na miaka na mara nyingi sio kansa. Nikauliza sasa kama sio kansa mbona ulitaka kumuua? Daktari akagonga kichwa chake kwa kidole akasema huu ni mfupa, haupanuki, chochote kikiota humu kinakula nafasi ya ubongo. Zipo mbaya zaidi, kuna glioblastoma inaota ndani ya ubongo na kujipenyeza kama mizizi, ukiitoa inarudi, na zipo kansa za titi au mapafu zinazohamia kichwani. Wanazipanga daraja 1 mpaka 4, ya 4 ndo kali kuliko zote, na walipopima kile kinyama cha shangazi yako kikaonekana daraja 1.

Alipasuliwa Dar, pale MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo ya Muhimbili. Nilikaa nje kwenye benchi tangu asubuhi mpaka giza likaingia, siwezi kukuelezea ile siku.

Picha niliyokutumia ambayo uso umejaa, ni zile dawa za kupunguza maji kwenye ubongo, deksamethasoni, zinaleta njaa na kuvimbisha uso, ameshapunguziwa kidogo kidogo mpaka kaacha. Za kifafa anaendelea nazo, hizo haachi bila daktari kusema. Mwezi wa sita anarudi kupigwa picha nyingine waone kama kuna kilichobaki.

Msiba wa bibi anaukumbuka, maneno aliyokuambia hayakumbuki. Mi ndo nilimwambia wiki iliyopita. Alilia sana, akaniomba namba yako, alafu akaogopa kupiga.

Mpigie wewe baba. Piga asubuhi, mchana anachoka. Na siku hizi anaongea taratibu, anaweza kukaa kimya katikati ya sentensi, usidhani simu imekata, msubiri.

Baba yako.