Nyota tatu kwenye daftari la maziwa

Mwanangu Hamisi,

Salaam nyingi kutoka huku Tororo kwa shangazi yako. Mguu unapona polepole. Mama yako amenipigia simu, anasema tangu Jumatatu umeshika njia yangu ya kuuza maziwa Walukuba, huko Jinja, na makopo unayabeba kwa boda. Nimefurahi. Anasema pia unauliza kwa nini nyumba tatu daftarini zina nyota badala ya hesabu.

Subiri kidogo, kwanza maziwa. Usiondoke kituoni tunakochukua maziwa kabla ya kuiona laktomita, kile kipimo cha kujua kama yametiwa maji, ikielea kwa macho yako mwenyewe. Ikisoma chini ya 28, uliza. Lakini hakikisha maziwa yamepoa, maana yakiwa na joto la kiweleni huidanganya, ukamwita mtu wa watu mwizi bure. Makopo ni ya alumini, usikubali jerikeni la plastiki hata wenzako wakikucheka kuwa unabeba uzito. Mdomo wa jerikeni hauingizi mkono, harufu ya jana inabaki humo, na kufika saa tatu unauza bongo, yaani maziwa yaliyoganda, kwa watu walioagiza maziwa ya chai. Pimia kwa kile kikombe changu cha tumpeco, nusu lita, na ukijaze mpaka ukingoni.

Sasa nyota.

Machi 2020 kafyu ya korona ilipotangazwa, ilikuwa saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi niliyezoea kugonga mlango saa kumi na moja alfajiri ikabidi nikae na makopo nikisubiri jua. Boda waliruhusiwa mizigo tu, abiria hapana, kwa hiyo sisi wa maziwa tulipita. Wateja ndio walikwama. Shule zilikuwa zimefungwa, na mwalimu wa ile nyumba ya mlango wa kijani, ambaye shule yake ilikuwa ya binafsi, hakuona mshahara tena. Asubuhi moja akaniambia wameacha maziwa, yanawaumiza tumbo. Nyumba nzima, watu watano, tumbo limewauma siku moja! Nikamwambia pole, mwalimu. Kesho yake nikaacha kikombe dirishani, kimefunikwa sahani, nikaondoka. Na kesho kutwa. Daftarini sikuandika kitu, nilichora nyota tu nisije nikaipita nyumba.

Shule zilipofunguliwa Januari 2022 alianza kazi, na baada ya miezi kadhaa akaniletea bahasha. Ndani mlikuwa na pesa na karatasi ya daftari la mtoto: tarehe zote, nusu lita nusu lita, kwa penseli. Kumbe yeye alikuwa akiandika. Nilihesabu nyuma yake (samahani, ni tabia ya biashara) nikakuta amejiongezea siku mbili. Nilizirudisha kwa maziwa.

Kwa hiyo pale ukiona mwezi umeisha na hajalipa, usimdai mlangoni watoto wakisikia. Ataleta.

Nyota ya pili ni yule fundi karibu na kisima. Naye nilimwachia dirishani miezi ile yote, na mpaka leo hajalipa wala hajataja. Kila asubuhi ananunua lita moja taslimu, anakutazama usoni kana kwamba hatujawahi kukutana. Zamani niliumia. Siku hizi nampimia, napokea pesa, nasema asante. Wewe usianzishe maneno, deni lile si lako.

Ya tatu ni kwa bibi yako mzaa mama. Hapo daftari usilifungue kabisa ukitaka amani nyumbani kwetu.

Ramadhani ikikaribia, ongeza kopo moja la jioni, Waislamu wa huko watataka ya futari na ya daku. Na breki ya nyuma ya boda, ipeleke kwa makanika leo, usingoje Jumamosi. Mteremko wa kwenda ziwani nimeuachia mguu mmoja tayari.

Mimi baba yako.