Matumbawe si ya watu wa Pwani peke yao

Mhariri,

Mtoto wa dada yangu hapa Kisumu anasomea shahada ya uzamifu (PhD) kuhusu matumbawe ya baharini na kila akija nyumbani majirani wanamuuliza kwani omena na magugu maji yetu yamekosa mtu wa kuyasoma, ati mpaka aende kupiga mbizi Kisite huko karibu na Tanzania. Mimi nimemsikiliza nikashika kitu. Matumbawe si mawe jamani, ni wanyama wadogo sana wanaojenga mifupa ya chokaa, na ndani yao kunaishi mwani unaowapa chakula, maji yakipata joto sana wanautoa wanabaki weupe pepe, ndio ile 1998 mengi ya Pwani yetu yalikufa. Huyu mpwa wangu anapima matawi na mashimo ya matumbawe kwa sababu hapo ndio samaki wadogo hujificha, yakivunjika pakabaki tambarare samaki wanapungua. Kwani huku ziwani ngege (sato) hawajifichi kwa mafunjo?

Shida ni pesa, boti na mtungi wa hewa si bei ya boda. Basari zetu zikifika uzamifu zinakwama, viongozi wa kaunti watuambie kwa nini.

Mjomba mtu,
Nyalenda, Kisumu