Kusawazisha milinganyo ya kikemia si kubahatisha namba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna wanafunzi wa sekondari wanavyozoezwa kusawazisha milinganyo ya kikemia, yaani kuhakikisha kwamba idadi ya atomi za kila elementi ni ileile kabla na baada ya mmenyuko, vitu vinapogeuka kuwa vingine. Wengi hubahatisha: hupachika namba, hufuta, hupachika nyingine, hadi pande mbili za mshale zilingane, na mwalimu akishaona zimelingana hutia alama ya vema na kupita. Vema hiyo inaficha mengi.

Tuchukue mlinganyo ambao karibu kila mwanafunzi huanza nao, H₂ + O₂ → H₂O. Kushoto kuna atomi mbili za oksijeni, kulia iko moja. Asiyeelewa huandika H₂O₂ upande wa kulia, na kwa hesabu tupu kila kitu kimelingana. Ila hayo si maji tena, ni hidrojeni peroksaidi, kemikali inayotumika kuua vijidudu na kufifisha rangi ya nywele. Namba ndogo iliyo chini ya alama ya elementi inaeleza molekuli imeundwaje, kwa hiyo haiguswi. Inayobadilishwa ni namba ya mbele, inayotaja idadi ya molekuli, nasi tunapata 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Mwanafunzi aliyezichora molekuli hizo kwa viduara, akaona zinavyoachana na kujipanga upya pasipo kiduara kupotea, ni vigumu kulirudia kosa hilo.

Mwaka 1789 Mfaransa Antoine Lavoisier aliandika kwamba kiasi cha maada kabla ya mmenyuko na baada yake ni kilekile. Kanuni hiyo hufundishwa, lakini mara nyingi katika sura yake yenyewe, mbali na zoezi la kusawazisha, ilhali ndiyo sababu ya zoezi lenyewe. Katika kuungua kwa propani, C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O, gramu 44 za propani hutumia gramu 160 za oksijeni, na kinachopatikana ni gramu 132 za kaboni dioksaidi na gramu 72 za maji: 204 kwa 204. Mwalimu aeleze pia kwa nini hapa tunaanza na kaboni na hidrojeni, kisha tunamalizia na oksijeni. Upande wa kushoto oksijeni imesimama peke yake, hivyo kuibadilisha hakuvurugi kingine chochote.

Linalonisikitisha zaidi ni chaji, yaani umeme chanya au hasi wa chembe, kusahauliwa. Waya wa shaba ukitumbukizwa katika mmumunyo wa nitrati ya fedha, fedha hujishika kwenye waya na mmumunyo hugeuka bluu taratibu. Wanafunzi, hata walio hodari, huandika Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag na kuweka kalamu chini, kwa kuwa atomi zimelingana. Chaji hazijalingana: kushoto ni chanya moja, kulia ni chanya mbili. Kila atomi ya shaba hutoa elektroni mbili na kila ayoni ya fedha (atomi yenye chaji, Ag⁺) hupokea moja, hivyo ayoni mbili za fedha zinahitajika, yaani Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag.

Nawaomba walimu na watunzi wa mitihani watoe alama kwa hesabu ya atomi na chaji iliyoandikwa waziwazi, si kwa jibu la mwisho pekee, na mara kwa mara wampe mwanafunzi mlinganyo uliokosewa, kama huo wa shaba na fedha, aeleze kwanza kosa liko wapi ndipo alisahihishe.

Wako,
Mwalimu wa Kemia