Barua ya wazi kwa vijana wa Dar es Salaam: ulizeni kadi ya gari iko kwa nani

Vijana wangu,

Nawasalimu kwa heshima na mapenzi. Ninawaandikia ninyi mlioajiriwa miaka ya karibuni, pamoja na ninyi mnaohangaika na biashara zenu Kariakoo, Sinza, Kimara na Mbagala, kwa sababu ya swali moja ambalo nimelisikia barazani kwetu Magomeni mara nyingi mno, mpaka nimeona kulinyamazia ni kuwakosea. Linapopita Land Cruiser jeusi au Range Rover, mmoja wenu huuliza, "Huyu mshahara wake si tunaujua? Kapata wapi?" Hapo mmoja hujibu kwamba ni ufisadi, mwingine husema ni unga, mwingine hutaja freemason, na kijana aliyekaa kimya pembeni hurudi nyumbani akiamini kwamba wenzake wote wameonyeshwa njia ambayo yeye peke yake amefichwa. Ni yeye hasa ninayemwandikia.

Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha kwa zaidi ya miaka 30, nikiwatolea watu magari bandarini na kuwasajilia, na katika kazi ile kadi za magari zilipita mikononi mwangu kabla ya kuwafikia wenyewe. Bodi ya gari humng'aria yeyote aliyekaa kwenye usukani. Kadi ya usajili huandikwa jina moja tu, la mwenye gari, na katika magari mengi yanayowakosesha usingizi, ama jina lile si la yule mnayemwona akiendesha, ama kadi yenyewe haiko nyumbani kwake.

Yapo magari ambayo si ya mtu kabisa, na hayo sitayasemea mengi. Someni herufi za namba: STK na STL ni za serikali, SU ni ya shirika la umma, DFP ni ya mradi wa wafadhili, na siku mkataba wa kazi unapokwisha, gari hubaki uani kwa mwajiri na dereva wake hupanda mwendokasi kama sisi wengine. Yapo pia ya kukodi kwa harusi na kwa picha, na yapo ya shemeji aliyesafiri.

Kundi kubwa zaidi ni la magari ambayo ni ghali kwa jina na rahisi kwa umri, na hapa naomba mnivumilie, maana ndipo wengi wanapoumia. Kule Japani gari jipya hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi ule una gharama zinazomfanya mwenye gari aone ni heri aliuze kuliko kuendelea kulihudumia. Gari hilo huingia mnadani kwa bei ndogo, na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani wake unatufaa bila kubadilishwa kitu. Ndiyo maana gari la kifahari lenye umri wa miaka 12 au 15 laweza kuonekana kwenye simu yako kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaifikia akijibana, ilhali lilipokuwa jipya asingelisogelea. Mwenzenu mnayemshangaa pengine alilipata hivyo, kwa halali kabisa.

Lakini bei ile ya kwenye simu ni nusu tu ya safari. Tuchukue mfano wa gari lenye injini yenye ukubwa unaozidi sisi (cc) 2,000, lenye umri unaozidi miaka 10, ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandari yetu ni shilingi milioni 20. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 5, na hapo gari linafika milioni 25. Juu ya hizo milioni 25 unalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa sababu ya ukubwa wa injini, ambao ni milioni 2.5, na asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uchakavu, ambayo ni milioni 7.5. Jumla inakuwa milioni 35, na juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo ni milioni 6.3. Kodi peke yake zimefika milioni 21.3, zaidi ya bei ya gari lenyewe, na bado hujagusa tozo ndogondogo, gharama za bandari, usajili na ujira wa wakala. Tena TRA, mamlaka ya mapato, wana thamani zao za kukadiria magari yaliyotumika, kwa hiyo ankara yenye bei ndogo uliyotumiwa na muuzaji haitakuokoa.

Nimewaona vijana wakiduwaa mbele ya meza yangu kwa hesabu hii. Mmoja alikuja na bahasha ya kaki aliyoikunja mara mbili, akaifungua taratibu, ndani mkiwa na hati ya mauziano ya kiwanja cha Chanika alichokinunua na mkewe kwa kudunduliza miaka 4. Gari lake lilikuwa limekwisha kushuka melini, tozo za kuhifadhiwa zilikuwa zinapanda kila siku, na alikuwa ameambiwa kwamba gari lisipotolewa kwa muda uliowekwa hupelekwa ghala la forodha na hatimaye hupigwa mnada. Aliniuliza kama namjua mtu anayenunua viwanja kwa haraka. Kiwanja kiliuzwa wiki ile ile kwa bei ya mtu mwenye shida, na Jumamosi alipotoka getini na gari lake, watu wa mtaani kwake walipiga vigelegele. Nawahakikishieni kwamba barazani kwao nako kuna aliyeuliza, "Kapata wapi?"

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo mwaka 2004, nikauza eneo langu la Goba ili ninunue Mark II, ambayo siku zile ndiyo iliyokuwa heshima ya mjini. Gari lilikwisha kuwa skrepa. Eneo lile leo lina nyumba ya kupangisha ya mtu mwingine, na kila nipitapo huko hujisikia uchungu ambao sitaki mtoto yeyote wa Dar es Salaam aurithi.

Gari likishafika nyumbani, nalo lataka kula. Anayetoka Mbezi Mwisho kwenda Posta na kurudi hutembea kilomita 40 na ushee kwa siku, na injini kubwa ya petroli katika foleni zetu yaweza kabisa kumaliza lita moja kwa kila kilomita 5. Hizo ni lita 8. Tukikadiria petroli kuwa shilingi 3,000 kwa lita, unachoma shilingi 24,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni shilingi 528,000, kabla hujabadilisha oili wala tairi. Shokapu za upepo zikichoka, gari la Kizungu huamka asubuhi limelala tumbo chini, na hapo ndipo mtu huenda mtaa wa Gerezani kutafuta spea ya mtumba ambayo haijulikani itadumu mwezi au wiki. Ukiona gari zuri limeegeshwa uani miezi mitatu likiwa na vumbi, usidhani mwenyewe ana jingine.

Njia nyingine ni mkopo, nami sitaulaani, kwa sababu mkopo wa benki au wa SACCOS unaokatwa kwenye mshahara una utaratibu unaoeleweka. Kwa mtumishi wa umma makato hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Benki hushikilia kadi mpaka deni liishe, na hukutaka ukate bima kubwa, ambayo kwa kawaida huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, yaani milioni 2.1 kwa gari la milioni 60 kabla ya kodi. Anayekopa hivi anaweza kuendesha gari zuri kwa uaminifu wote. Ila ninawaomba mjiulize kama mnaweza kuishi kwa theluthi ile kwa miaka 5, mkiwa na kodi ya nyumba, ada za shule na wazazi kijijini.

Linaloniogopesha ni mkopo wa pili, unaokuja gari likiwa tayari ni lako. Kijana wa jirani yangu, ambaye nilimpakata akiwa mchanga, alikwama ada akachukua shilingi milioni 4 kwa mkopeshaji mmoja wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani ya riba kali. Alitakiwa aache kadi na funguo ya akiba, kisha akasaini karatasi tatu harakaharaka. Aliponiletea nakala nilivaa miwani nikazisoma: ya pili ilikuwa mkataba wa kuuza gari, jina lake na sahihi yake viko chini, na nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa mwezi, shilingi 800,000, na aliilipa miezi 5, jumla milioni 4, huku deni la msingi likiwa pale pale. Mwezi wa sita alikosa, na alfajiri gari likaondoka kwa ile funguo ya akiba. Tarehe ilikuwa imekwisha kujazwa. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji wa namna hii anapaswa kuwa na leseni, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kijana wangu hakulijua hilo, na aliona aibu kuniuliza mapema.

Wapo pia wanaonunua kwa fedha zao, na ninataka tuwatendee haki. Nimewatolea magari wafanyabiashara wa vitenge na wa vifaa vya ujenzi waliokuja wamevaa kandambili na kulipa kila senti siku hiyo hiyo, ambao kabla ya gari lile walikuwa na nyumba, stoo na duka la pili. Hao hamkuwaona miaka 15 waliyopanda daladala.

Basi anayelitaka gari na alitake, kwani sioni dhambi katika kupenda kitu kizuri. Apige hesabu ya kodi kwenye kikokotoo cha TRA kabla hajatuma hata dola moja, achague injini isiyozidi sisi 2,000 na umri usiofika miaka 8, na akinunua kwa mtu, abadilishe jina la umiliki pale pale, asikubali kuendesha mwaka mzima kwa jina la mwingine. Kiwanja akiache mahali kilipo.

Mimi nipo barazani Magomeni kila siku baada ya sala ya alasiri. Mwenye karatasi ambayo hajaisaini, ya gari au ya mkopo, na aje nayo, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Sitamtoza kitu, na sitamwambia mtu.

Mzee wenu,
wakala mstaafu wa forodha,
Magomeni, Dar es Salaam